KODI IKIFUTWA, NANI ANALIPA?



Wazee wetu hapa Rungwe wanaikumbuka kodi ya maendeleo. Ilidaiwa kwa kichwa. Mgambo wakitokea, asiye na stakabadhi alitoroka.

Kodi hiyo ilitoka wapi? Mwaka 1972 serikali ilivunja halmashauri za wilaya. Sheria ya mwaka 1982 ikazirudisha, na mwaka 1984 zikaanza kazi tena. Zilihitaji fedha, kwa hiyo wananchi wakatozwa. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ikafutwa. Watu walifurahi, na kweli ilikuwa ikimwumiza maskini.

Lakini tufikiri kidogo. Je, kazi za halmashauri nazo zilifutwa? Hata! Zahanati, shule na barabara zilibaki palepale. Ikabidi serikali kuu izipe halmashauri fedha za kuziba pengo. Na serikali kuu inazipata wapi? Kwetu sisi. Ukinunua sabuni dukani Tukuyu, kodi imo ndani ya bei. Ile ya zamani uliiona, ukanung'unika. Hii huioni, basi unanyamaza.

Tazama pia ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Kwa kahawa ya shilingi 100,000, ushuru ulishuka kutoka shilingi 5,000 hadi 3,000. Mlipaji ni mnunuzi. Lakini mnunuzi hupiga hesabu yake kwanza, ndipo akutajie bei.

Wako wanaosema serikali iwe ndogo, kodi ipungue. Wako wanaotaka iwe kubwa, ifanye kila kitu. Sisi tunasema: sufuria hupimwa kwa walaji. Kwanza tukubaliane kazi gani tunazitaka, halafu tuulize gharama yake na nani alipe.

Mahali pa kuuliza ni mkutano mkuu wa kijiji. Mapato na matumizi yakisomwa, usisinzie. Sasa unajua kusoma na kuhesabu. Yakibandikwa ukutani, nenda ukajumlishe mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka gani?
2. Kahawa ya shilingi 250,000 ina ushuru wa shilingi ngapi kwa asilimia 3?
3. Kijijini kwenu, ni kazi gani serikali iifanye, na ipi mwaiweza wenyewe?