Kasulu na Kibondo: Pa Kusimama Kuitazama Buha

Mwezi Juni, jua la Kasulu huchomoza karibu saa 1 asubuhi, zaidi ya nusu saa baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Mgeni anayedamka kwa saa za pwani atasubiri gizani. Faida yake huipata jioni, kwani mwanga hubaki hadi karibu saa 1 usiku.

Nyanda hizi za juu za Kigoma, yaani Buha au Uha, nchi ya Waha, hazina mnara wala jukwaa la watalii. Anayetafuta mandhari aulize kwanza watawala wa zamani walikaa wapi, kwa kuwa nao walipenda mahali panapoona mbali.

Jibu la kwanza ni Heru Juu, ndani ya Halmashauri ya Mji wa Kasulu. Hapa palikuwa makao ya Mwami, yaani mfalme, wa Heru, mojawapo ya falme za Waha. Mwami Theresa Ntare, mmoja wa wanawake wachache walioshika uchifu wakati wa Waingereza, alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Heru. Tanganyika ilifuta uchifu mwaka 1963, lakini kilima hakikufutwa. Bodaboda hupanda kutoka mjini. Huko juu, migomba na mashamba ya maharage hushuka kwa ngazi hadi mabondeni, na kusini ardhi hulala tambarare kuelekea Mto Malagarasi.

Huko kusini ndiko mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikopita Novemba 1871 akimtafuta mpelelezi David Livingstone. Wakuu wa Uha walimtoza vitambaa kama hongo, yaani ushuru wa kupita, wakamtoza tena, hadi akaamua kupenya porini usiku. Tarehe 10 aliliona Ziwa Tanganyika akiwa kilimani, na siku hiyohiyo akaingia Ujiji.

Siku hizi hakuna hongo hiyo, ila adabu ipo palepale: mgeni apite kwa mtendaji wa kijiji, aeleze anakokwenda, kisha aombe kijana wa kumwongoza na wakubaliane malipo kabla ya kuanza safari. Salamu ya asubuhi, "Mwakeye", hufungua milango mingi.

Kibondo ni mwendo wa yapata kilometa 150 kutoka Kasulu. Ndiyo nchi ya Muhambwe, ufalme mwingine wa Waha ambao jina lake limebaki kwenye jimbo la uchaguzi. Barabara ya Mabamba, upande wa magharibi, humfikisha msafiri karibu na mpaka, na milima ya Burundi husimama mbele yake. Alasiri jua humpiga usoni. Picha nzuri hupatikana asubuhi.

Mashariki ya mji wa Kibondo ardhi huteremka kuelekea mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mwaka 2000.

Kitambulisho kisikose mfukoni, maana hizi ni wilaya za mpakani na vizuizi vya ukaguzi ni vya kawaida. Kambi za wakimbizi si vituo vya utalii: kuingia kunahitaji kibali cha serikali, na kamera ibaki begini.

Wakati bora ni Mei na Juni, mvua zikiwa zimeosha anga na majani bado mabichi. Kufikia Agosti moshi wa nyasi zinazochomwa na vumbi hufunika upeo. Mwenye siku moja tu aende Heru Juu. Mwenye siku tatu aongeze Mabamba.