Simu Janja na Kompyuta Nyumbani: Somo kwa Wakazi wa Kata

Kaya nyingi katika kata zetu sasa zina angalau simu janja moja, na baadhi zimenunua kompyuta, aghalabu ya mtumba. Hata hivyo, mwenye simu hiyo bado hupanga foleni katika duka la steshenari ili ajaziwe fomu ambayo angeweza kuijaza akiwa nyumbani. Hulipa kwa kila ukurasa, na mara nyingine huacha dukani kitu chenye thamani kubwa kuliko fedha: nywila yake. Somo hili limeandaliwa ili kumwezesha mkazi kuvitumia vifaa hivyo viwili kwa shughuli za kila siku, kwa usalama na kwa gharama ndogo.

Anwani ya barua pepe ni mali ya mwenyewe

Hatua ya kwanza si kupakua programu za burudani, bali kufungua anwani ya barua pepe. Karibu kila mfumo wa huduma za umma humtaka mwombaji awe na anwani hiyo pamoja na namba ya simu. Ndivyo ilivyo kwa kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu au anayetafuta ajira serikalini, kwa mfanyabiashara anayeomba leseni, na kwa kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinachoomba mkopo wa asilimia 10 unaotolewa na halmashauri.

Hapa ndipo wengi hupata hasara. Mwombaji asiye na barua pepe hutumia ile ya mhudumu wa steshenari, na mhudumu huweka nywila anayoijua yeye. Baada ya miezi michache mfumo hutuma taarifa kwamba kiambatisho kimoja hakisomeki na kwamba kirekebishwe ndani ya siku kadhaa. Taarifa hiyo huingia katika kikasha cha mtu mwingine, ambaye pengine ameshafunga duka na kuhamia mji mwingine. Mwombaji hukaa akingoja jibu lililokwisha kufika, na muda humpita. Hivyo basi, anwani ifunguliwe katika simu ya mwombaji mwenyewe, kwa namba yake mwenyewe. Nywila iwe ndefu, isiwe mwaka wa kuzaliwa wala jina la mtoto. Iwapo hofu ya kuisahau ni kubwa, iandikwe katika daftari linalohifadhiwa pamoja na hati za nyumba. Isiandikwe nyuma ya kava la simu.

Aliyekwisha kusajiliwa kwa anwani ya mtu mwingine asisubiri tatizo litokee. Aingie katika mfumo husika mapema, abadili anwani na nywila, na akishindwa aombe msaada kwa ofisi inayousimamia mfumo huo.

Kamera ya simu hufanya kazi ya mashine ya kuskani

Vyeti vya kuzaliwa, vya shule, katiba ya kikundi na barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji ni karatasi. Mvua, moto na mchwa havichagui. Nakala za hati hizo katika simu haziondoi ulazima wa kuzitunza zile halisi, lakini humwokoa mwenye nazo pale anapotakiwa kuziwasilisha haraka.

Picha ya kawaida huwa na kivuli, na mara nyingi faili lake ni kubwa kuliko kiwango kinachopokelewa na mfumo. Simu janja nyingi zina sehemu ya kuskani hati, ama ndani ya kamera ama ndani ya programu ya kuhifadhi mafaili. Hati ilazwe juu ya meza yenye rangi iliyo tofauti na karatasi, mchana, karibu na dirisha, na simu ishikwe sambamba na meza. Kisha kazi ihifadhiwe kama PDF, aina ya faili inayopokelewa na mifumo mingi. Kabla ya kutuma, mwombaji afungue faili na asome namba za cheti. Kama yeye hawezi kuzisoma, mkaguzi naye hataweza.

Faili lipewe jina linaloeleweka, kwa mfano "cheti-kuzaliwa-Asha". Jina la tarakimu ambalo simu hulitoa yenyewe litamsumbua anayelitafuta mwaka ujao.

Bando lidumu

Malalamiko ya kawaida ni kwamba bando huisha bila kutumika. Kwa kweli hutumika, ila mwenye simu hajui na nini. Katika mipangilio ya simu kuna sehemu inayoonesha matumizi ya data ya kila programu, na mara nyingi ulaji mkubwa hutokana na video zinazojifungua zenyewe na picha za makundi ya WhatsApp zinazojipakua. Ndani ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data humruhusu mtumiaji kuzuia upakuaji huo, ili afungue picha anayoihitaji tu. Masasisho ya programu nayo yaruhusiwe pale tu panapopatikana Wi-Fi au bando la kutosha. Lakini yasiachwe kabisa, maana hayo ndiyo huziba matundu ya usalama.

Huduma nyingine hazihitaji bando. Kwa kubonyeza *152*00# mwananchi hufikia orodha ya huduma za Serikali hata kwa simu ya kitochi. Kwa *106# huhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa. Akikuta laini asiyoitambua, afike kwa mtoa huduma aiondoe, kwa kuwa uhalifu utakaofanywa kwa laini hiyo utamfuata yeye.

Kompyuta na hesabu za biashara

Simu inafaa kwa kupokea, kupiga picha na kulipa. Kompyuta inafaa kwa kuandika kwa kirefu na kwa kufanya hesabu. Anayetaka kununua ya mtumba aulize kwanza inatumia mfumo gani: Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tangu Oktoba 14, 2025, na si kila kompyuta ya zamani inaweza kupokea toleo linalofuata. Kwa uandishi na majedwali, programu ya LibreOffice hupatikana bure na inatosha kwa mahitaji ya nyumbani. Palipo na umeme wa kukatika, kompyuta mpakato yenye betri nzima hufaa kuliko ya mezani. Aidha, mtumiaji ajizoeze kubonyeza Ctrl na S kila baada ya aya moja ili kazi isipotee.

Intaneti ya kompyuta haihitaji laini nyingine. Simu huweza kuigawia kompyuta mtandao wake kwa kuwasha mtandao-hewa na kuuwekea nywila. Ikumbukwe tu kwamba kompyuta hula bando kwa kasi kuliko simu, hivyo uzimwe kazi ikiisha.

Manufaa ya kompyuta huonekana wazi katika jedwali la hesabu. Uchukuliwe mfano wa muuza maziwa anayenunua lita 20 kwa shilingi 1,200 kila lita na kuziuza kwa shilingi 1,600. Gharama ya maziwa ni shilingi 24,000 na nauli ni 3,000. Mauzo yote ni shilingi 32,000, na faida ni shilingi 5,000. Lakini siku hiyo wateja wamekopa lita nne, yaani shilingi 6,400. Mkononi ana shilingi 25,600, ilhali alitumia 27,000. Jioni huona pungufu ya shilingi 1,400 na kudhani biashara inamtupa, kumbe inalipa na tatizo ni madeni.

Jedwali lake liwe na safu hizi: A tarehe, B gharama ya maziwa, C nauli, D mauzo yote, E fedha zilizopokelewa, F deni na G faida. Mstari wa kwanza ni wa vichwa vya habari. Katika F2 aandike =D2-E2, na katika G2 aandike =D2-B2-C2, kisha avute fomula hizo hadi mstari wa 31. Mwisho wa siku 30, katika F32 aandike =SUM(F2:F31) ili apate jumla ya yaliyokopwa. Mteja akilipa, kiasi chake kiongezwe katika safu E ya siku aliyokopa. Jedwali la namna hiyo, likiwa la miezi kadhaa, ni kielelezo cha kuaminika pia kwa kikundi kinapokwenda kuomba mkopo.

Tapeli hutumia haraka

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umezoeleka, na mbinu hubadilika kila siku. Kanuni hazibadiliki. Namba ya siri na namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi haipewi mtu yeyote, hata ajitambulishe kuwa ni mtumishi wa benki, wa kampuni ya simu au wa halmashauri. Malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba iliyotolewa na mfumo, na jina la taasisi lisomwe kabla ya kuthibitisha. Hayatumwi kwa namba binafsi ya mtumishi. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda namba 15040 ili namba husika ishughulikiwe. Anayeharakishwa akate simu kwanza, kisha awasiliane na ofisi husika kwa njia anayoijua.

Kujiandaa kabla simu haijapotea

Simu iwe na kifungo cha skrini. Mwenye nayo abonyeze *#06#, aandike namba ya utambulisho yenye tarakimu 15 na kuihifadhi na risiti. Hati muhimu zinakiliwe katika sehemu mbili: kwenye kompyuta au flashi, na kwenye hifadhi ya mtandaoni iliyounganishwa na barua pepe. Simu ikipotea, hatua ya kwanza ni kumpigia mtoa huduma kwa namba 100, kwa simu ya jirani ya mtandao huohuo, ili laini na akaunti ya fedha zifungwe. Pili ni kutoa taarifa polisi. Tatu ni kurudisha laini na kubadili nywila ya barua pepe.

Mazoezi ya wiki nne

Wiki ya kwanza: kufungua barua pepe, kuweka kifungo cha skrini na kuhakiki laini kwa *106#. Wiki ya pili: kuskani hati tatu na kuzipa majina. Wiki ya tatu: kutengeneza jedwali la mapato na matumizi ya siku saba. Wiki ya nne: kunakili mafaili yote kwenye flashi, kisha kufungua moja katika kifaa kingine kuthibitisha kwamba linasomeka.

Wazee wasione haya kufundishwa na wajukuu, lakini mjukuu aelekeze na mzee mwenyewe abonyeze. Namba ya siri ya mzee ibaki kuwa ya mzee.