KUFUMA FORONYA ZA RANGI NYINGI

Watu wa Fair Isle, kisiwa kidogo cha Uskoti, ni mashuhuri kwa kufuma sufu za rangi nyingi. Atazamaye kazi yao hudhani kila mstari una rangi nne au tano. Kumbe una mbili tu, nazo hubadilishwa mstari baada ya mstari. Mwalimu apendaye kufundisha kufuma foronya za mito ya viti na aishike kanuni hiyo.

Kwanza, chora nakshi katika karatasi ya miraba, kila mraba kitanzi kimoja. Lakini fahamu ya kuwa upana wa kitanzi hupita urefu wake. Kwa hiyo duara hutoka limebonyea kama yai lililolala. Basi fuma kipande cha inchi 4 kila upande, ukahesabu. Ukipata vitanzi 20 na mistari 28, nakshi ya vitanzi 20 yataka mistari 28.

Pili, uzi usiotumika hupita nyuma. Kila inchi 1 usokote na mwenzake, wala usiuvute, foronya isije ikakunjamana.

Sufu ni mali: afadhali kufumua kipande kuliko foronya nzima.