Je, Mume Ana Haki ya Kumpiga Mkewe?

Swali hili laonekana jepesi, na huenda msomaji akashangaa kwa nini twalileta mbele yake. Twalileta kwa sababu majibu ya watu si mamoja. Katika uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016, watu waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa makosa kama kuunguza chakula, kutoka bila kumwambia, au kubishana naye. Katika kila wanaume 100, 40 waliikubali walau sababu moja. Katika kila wanawake 100, waliokubali walikuwa 58. Yaani wapigwao wameyasadiki mafundisho haya kuliko hata wapigao!

Wengine husema ni desturi ya wazee. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yawajibu waziwazi: hata kama desturi yaruhusu, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Angalieni vema: sheria haikusema asipigwe kupita kiasi, iliikana haki yenyewe.

Wengine hushika Waraka wa Mtume Paulo kwa Waefeso, sura ya 5, wakasoma habari ya mke kumtii mumewe, kisha wakafunga kitabu. Laiti wangeanza aya moja nyuma, ambapo wote waagizwa kutiiana, na kuendelea hadi aya ya 25, ambapo mume apewa kielelezo cha Kristo aliyejitoa kwa ajili ya Kanisa! Mwenye kielelezo hicho ataitoa wapi fimbo?

Lakini lipo jambo lituumalo zaidi. Mke aliyepigwa hukimbilia kwa wazee wa jumuiya, au kwa padre, naye huambiwa: Vumilia, mama, ndoa ni msalaba, rudi ukamwombee. Nasi mapadre hatuna budi kukiri kwamba maneno hayo yametoka vinywani mwetu pia. Twachanganya mambo mawili, kuvunja ndoa na kutengana. Kifungo cha ndoa halali ya Wakristo, iliyokwisha kukamilishwa, hakivunjwi na mtu. Hata hivyo kanuni ya 1153 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yafundisha kwamba anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili, ampa mwenzake sababu halali ya kuondoka kwa idhini ya Askofu. Na kama kungoja kwaleta hatari, hata kwa uamuzi wake mwenyewe. Mke huyo hakuikana ndoa yake, wala kutengana huko peke yake hakumzuii kupokea Sakramenti. Sababu ikikoma, yapasa kurudiana, isipokuwa Kanisa limeamua vingine. Nayo sababu hukoma kwa mwenendo uliobadilika, si kwa machozi ya jioni moja na mbuzi wa faini.

Basi, jeraha litangulie mashauri. Aliye katika hali mbaya apelekwe hospitali mara moja. Polisi hutoa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu, na katika vituo vingi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, ambapo mwanamke aweza kueleza habari zake faraghani. Baraza la usuluhishi, ambalo sheria yataka lisikilize ugomvi wa ndoa kabla ya shauri la talaka kupelekwa mahakamani, lina kazi yake njema. Lakini halikuwekwa ili kufunika jinai.

Nao wazee wa jumuiya, waamshwapo usiku na mama mwenye uso uliovimba, tunawasihi waache kumwuliza amemkosea nini mumewe. Wamwulize kwanza kama anapo mahali salama pa kulala, yeye na watoto.