Shahidi asiyesita

SWALI: Nasikia Marekani kesi za jinai huamuliwa na jopo la raia wa kawaida. Ni nini huwafanya wamtie hatiani asiye na kosa?

JIBU: Mara nyingi ni ujasiri wa shahidi. Akimnyooshea mshtakiwa kidole na kusema "ni huyu" bila kusita, wanajopo huona uhakika wake ndio ukweli.

Ndivyo ilivyomkuta Ronald Cotton wa North Carolina. Mwaka 1984 mwathiriwa wa ubakaji alimchagua kwenye picha, kisha kwenye gwaride la utambuzi. Polisi wakamwambia mwathiriwa kuwa aliyemchagua ndiye yule yule wa kwenye picha. Alipofika mahakamani, hakuwa na shaka hata chembe. Cotton alifungwa maisha, mpaka vipimo vya vinasaba vilipomsafisha mwaka 1995 na kumbaini mhalifu halisi.

Kumsifu shahidi kwamba amepatia humwongezea uhakika, wala hakumwongezei usahihi. Tena wanajopo wakijifungia kujadiliana, kwa kawaida upande wenye wengi kwenye kura ya kwanza ndio hushinda, hata kama umeshawishiwa na uhakika huo.

Kwa hiyo swali la haki ni hili: siku ya kwanza kabisa, kabla hajaambiwa lolote, shahidi alikuwa na uhakika kiasi gani?