SOMO LA 12: DAWA YA JIRANI SI DAWA YAKO

Huenda kijijini kwenu wako watu wawili wenye ugonjwa wa kisukari. Mmoja anameza vidonge. Wa pili anajichoma sindano kila siku. Watu huuliza: "Ugonjwa ni mmoja. Mbona dawa si moja?" Tusome ili tupate jibu.

Sukari mwilini

Ugali, wali, mihogo na ndizi hugeuka kuwa sukari mwilini. Sukari hiyo huingia katika damu. Mwili huitumia kupata nguvu. Lakini ili sukari itoke katika damu na kuingia katika nyama za mwili, inahitajika insulini. Insulini ni kama ufunguo wa mlango. Hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula.

Kisukari kina aina mbili kubwa. Katika aina ya kwanza, kongosho halitengenezi insulini, au hutengeneza kidogo mno. Aina hii huwapata zaidi watoto na vijana. Katika aina ya pili, insulini ipo, lakini haitoshi au haifanyi kazi vizuri. Wagonjwa wengi wana aina hii ya pili.

Daktari huchaguaje dawa?

Kwanza hupima damu. Asubuhi kabla ya kula, sukari ikifika milimoli 7 kwa lita au zaidi, ni alama ya kisukari. Asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine ili kupata hakika. Kisha daktari huuliza umri wa mgonjwa, chakula chake na dawa nyingine anazotumia. Mwanamke huulizwa kama ana mimba. Figo nazo hupimwa, maana dawa nyingine hazimfai mwenye figo mbovu.

Mgonjwa wa aina ya kwanza hupewa sindano za insulini. Hawezi kuishi bila hizo. Insulini haimezwi, kwa sababu tumbo lingeisaga kama chakula. Kabla haijagunduliwa huko Kanada mwaka 1921, watoto wenye ugonjwa huu walikufa upesi.

Mgonjwa wa aina ya pili hushauriwa kwanza juu ya chakula na mazoezi. Mara nyingi huanza na vidonge vya metfomini. Huanza na kiasi kidogo, kwa mfano miligramu 500, pamoja na chakula, ili tumbo lisisumbuke. Akirudi kliniki hupimwa tena. Sukari ikiwa bado juu, daktari huongeza kiasi cha dawa, au huongeza dawa ya pili, kama glibenklamaidi. Hii hulisukuma kongosho litoe insulini zaidi. Baada ya miaka, wengine huhitaji sindano. Hiyo si adhabu. Kongosho limechoka.

Hatari ya sukari kushuka

Mtu akitumia glibenklamaidi au insulini bila kula, sukari yaweza kushuka chini ya milimoli 4. Atatoka jasho, atatetemeka, ataona njaa na kuchanganyikiwa. Mpe upesi vijiko vidogo vinne vya sukari katika maji. Akipata nafuu, ale chakula. Akizimia, usimtie kitu kinywani. Mpelekeni hospitali mara moja.

Sasa fikiri. Jirani anamwonea huruma mzee mgonjwa. Anampa vidonge vyake vya glibenklamaidi. Mzee huyo ana figo dhaifu, na tangu jana hajala. Huruma hiyo yaweza kumwua.

Tukumbuke

1. Usimpe mtu dawa yako, wala usitumie ya mwenzako.
2. Usiache dawa kwa kuwa unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu dawa inafanya kazi.
3. Dawa ikikusumbua, au fedha zikikuishia, usinyamaze. Mweleze daktari. Huenda ikapatikana dawa nyingine inayokufaa.
4. Ukienda kliniki, chukua kadi yako na dawa zako zote, hata za mitishamba.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini insulini haimezwi?
2. Kwa nini daktari hupima figo za mgonjwa?
3. Mwenzenu ametoka jasho na anatetemeka shambani. Ana kisukari na hajala. Mtafanya nini?
4. Jirani anakuomba vidonge vyako vya kisukari. Utamjibu nini bila kumvunja moyo?