Kompyuta ya Zamani Inapogoma Kuwaka: Okoa Data Kwanza, Rejesha Nakala Baadaye

Kompyuta inapogoma kuwaka, mwenye nayo hufikiria kwanza mashine yenyewe: itagharimu kiasi gani kuitengeneza, au ni afadhali kununua nyingine? Lakini mashine hupatikana dukani. Daftari la mauzo la miaka mitano, orodha ya wadaiwa, alama za wanafunzi na picha za mzazi aliyefariki havipatikani dukani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la watu wengi limo ndani ya diski ya kompyuta.

Wengi wetu tumeelimishwa kutunza nakala rudufu, na ni jambo jema. Somo hili linahusu jambo lisilozungumzwa sana, nalo ni namna ya kuitumia nakala hiyo siku ya shida bila kupoteza kile kilichosalia. Kurejesha nakala kwa pupa kunaweza kufuta data ambazo bado zilikuwa zinaokoleka.

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza:

- kutambua mahali ilipo kasoro ya kompyuta isiyowaka;
- kutofautisha aina za nakala rudufu na kazi ya kila moja;
- kufuata mpangilio salama wa kurejesha data;
- kumkabidhi fundi kompyuta huku akilinda haki zake.

1. Fahamu kilichoharibika

Kompyuta huwaka kwa hatua. Umeme huingia, kisha bodi mama hujikagua kwa programu yake ndogo iitwayo BIOS, BIOS hutafuta diski yenye mfumo endeshi, mwishowe mfumo endeshi, kwa mfano Windows, hupanda. Mahali safari hiyo inapokatikia ndipo pa kuanzia uchunguzi.

*Hakuna taa wala sauti ya feni.* Tatizo huwa upande wa umeme. Jaribu soketi, waya au chaja nyingine. Mara nyingi diski na data zake ziko salama.

*Feni inazunguka lakini kioo ni cheusi.* Huenda kumbukumbu ya muda, yaani RAM, imelegea au imeingia vumbi, au kioo kimekufa. Hapa pia diski huenda ikawa nzima.

*Nembo ya mtengenezaji inatokea, kisha maandishi yanayosema hakuna kifaa cha kuwakia.* Kabla ya kuilaumu diski, tazama tarehe na saa ndani ya BIOS. Kompyuta nyingi za zamani zina betri ndogo ya duara, aghalabu CR2032 ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS. Betri hiyo ikiisha, saa hurudi miaka ya nyuma na mipangilio hurudi kama ilivyotoka kiwandani. Kompyuta inaweza kuanza kutafuta mfumo mahali usipokuwepo, au kuwasiliana na diski kwa namna ambayo Windows haikuizoea. Tiba yake ni betri mpya na kurekebisha mipangilio. Hakuna haja ya kurejesha chochote.

*Nembo ya Windows inatokea, kisha kompyuta inaganda au inajizima na kuwaka mfululizo.* Faili za mfumo zimeharibika, au diski inaanza kuchoka.

*Diski inagonga au inakwaruza.* Zima kompyuta mara moja, wala usijaribu tena. Kichwa kinachosoma diski kinaweza kukwangua uso uliobeba data, na kila jaribio huongeza hasara. Diski ya namna hii apelekewe mtaalamu wa kuokoa data.

2. Nakala yako ni ya aina gani?

*Nakala ya faili.* Hizi ni nyaraka, picha na hesabu zilizonakiliwa kwenye flashi au diski ya nje. Hufunguka kwenye kompyuta yoyote yenye programu inayofaa, lakini haziwezi kuiwasha kompyuta. Anayezitumia hulazimika kusakinisha mfumo endeshi kwanza.

*Taswira ya mfumo.* Hii ni nakala ya diski nzima: mfumo endeshi, programu, mipangilio na faili. Hurudisha kompyuta ilivyokuwa siku taswira ilipotengenezwa, pamoja na programu ya zamani ya hesabu ambayo kisakinishi chake kilikwishapotea. Hata hivyo, kuirejesha hufuta kilichomo kwenye diski inayoipokea.

*Faili zilizolandanishwa mtandaoni.* Huduma za kuhifadhi mtandaoni ni msaada mkubwa, lakini ulandanishaji hufuata kila badiliko. Ukifuta faili kwenye kompyuta, hufutika pia mtandaoni, japo huduma nyingi hukupa muda wa kuirejesha kutoka kwenye pipa la taka.

3. Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa mwenye duka la vifaa vya shule anayetumia kompyuta yenye Windows 7. Mwishoni mwa Machi alitengeneza taswira ya mfumo kwenye diski ya nje. Katikati ya Agosti kompyuta ikagoma kuwaka. Fundi akamwambia, "Hii inataka kupigwa Windows." Mwenye duka akajibu kwa utulivu kwamba nakala anayo, hivyo fundi aendelee tu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kupiga Windows, yaani kusakinisha mfumo upya, mara nyingi huambatana na kufuta diski. Kurejesha taswira ya Machi juu ya diski ileile nako huifuta. Kwa njia zote mbili kompyuta itawaka, na mteja ataondoka akiwa ameridhika. Jioni, atakapotafuta madeni ya Juni na Julai, hatayaona. Nakala rudufu hukurudisha kwenye siku ilipotengenezwa, si kwenye siku ya ajali. Kumbukumbu za miezi minne na nusu zilikuwa bado kwenye diski ya zamani, pengine nzima kabisa, kwa kuwa kilichoharibika kilikuwa faili chache za mfumo. Kilichozipoteza ni tiba, si ugonjwa.

4. Hatua sita za kurejesha

Hatua ya 1: Weka kumbukumbu. Piga picha ya ujumbe ulio kwenye kioo. Andika tarehe, sauti ulizosikia, na jambo la mwisho lililofanyika kabla ya tatizo, kama vile umeme kukatika.

Hatua ya 2: Okoa kilichomo kwenye diski ya zamani. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuitoa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya kubadilisha SATA kuwa USB. Ya pili ni kuiwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo wa Linux, kama Ubuntu, kwa kuchagua kuujaribu bila kuusakinisha, kisha kunakili faili kwenda diski ya nje. Windows ikikuuliza kama uifomati diski hiyo ili iweze kutumika, kataa, kwa maana kufomati kunaifuta orodha ya faili. Ikiwa diski ilifungwa kwa BitLocker, utahitaji ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Wengi huukuta kwenye akaunti yao ya Microsoft. Bila ufunguo huo data hazisomeki.

Hatua ya 3: Hakiki nakala rudufu. Iunganishe diski ya nje kwenye kompyuta nzima yenye kinga dhidi ya virusi. Fungua faili kadhaa, hasa za tarehe za mwisho. Kuona majina yake tu hakutoshi. Kisha nakili nakala hiyo mahali pengine, kwa kuwa sasa huenda ndiyo pekee iliyobaki.

Hatua ya 4: Andaa flashi ya kuwakia. Kwa kisakinishi cha Windows 10, flashi iwe na nafasi isiyopungua GB 8, na isiwe na kitu unachokihitaji kwani itafutwa. Kama unarejesha taswira, flashi ilingane na mfumo wa awali: wa biti 32 kwa biti 32, wa biti 64 kwa biti 64. Unapowasha kompyuta, bonyeza kitufe cha kuchagua kifaa cha kuwakia. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12. Kwa HP nyingi ni Esc au F9.

Hatua ya 5: Rejesha kwenye diski nyingine. Hiki ndicho kiini cha somo. Inapowezekana, nunua diski nyingine na uiweke ya zamani pembeni bila kuigusa. Kosa likitokea, utakuwa na pa kurudia. Iwapo unatumia taswira ya Windows, zingatia mambo manne:

- Diski inayopokea isiwe ndogo kuliko ya awali, hata kama data ni chache. Taswira ya diski ya GB 500 inaweza kukataa diski ya GB 240 ingawa faili zote ni GB 60.
- Folda iitwayo WindowsImageBackup ikae moja kwa moja kwenye diski ya nje, si ndani ya folda nyingine, na isibadilishwe jina. Ikihamishwa, zana ya urejeshaji haitaiona.
- Kompyuta iwake kwa utaratibu uleule uliotumika taswira ilipotengenezwa. Taswira ya mfumo uliowaka kwa BIOS ya zamani haitakubaliwa na kompyuta inayowaka kwa UEFI, mpaka mpangilio ubadilishwe.
- Chomoa diski nyingine zote zisizohusika, usije ukafuta isiyokusudiwa. Hakikisha pia umeme ni wa uhakika. Kompyuta ya mezani itumie UPS.

Taswira ikikataa kabisa, usiitupe. Ndani yake zimo faili za VHD au VHDX ambazo kompyuta nyingine yenye Windows inaweza kuzifungua kama diski, ukanakili nyaraka zako.

Hatua ya 6: Linganisha na ujazie. Kompyuta ikishawaka, ongeza faili ulizookoa katika hatua ya 2, ambazo ni mpya kuliko nakala. Mwenye duka wetu angejazia hapa madeni ya Aprili hadi Agosti. Tumia kompyuta kwa wiki kadhaa kabla ya kuamua lolote kuhusu diski ya zamani.

5. Unapomkabidhi fundi

Si kila mtu ataweza hatua hizi mwenyewe, na mafundi wazuri wapo. Kuuliza si ujinga. Kabla ya kuulizia bei, uliza: "Data zangu zitawekwa wapi kabla hujafuta chochote?" Fundi makini atalijibu swali hilo bila kusita.

Fanyeni makabidhiano kwa maandishi yanayoonyesha aina ya kompyuta, namba tambulishi ya diski, kazi mliyokubaliana, bei, na sentensi isemayo kwamba diski haitafutwa bila idhini yako. Usiandike nywila ya benki wala ya barua pepe kwenye karatasi hiyo. Dai risiti ya EFD, na dai kurudishiwa diski ya zamani kama imebadilishwa. Ni mali yako, na data zilizomo zinaweza kusomwa na mwingine.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Kumwambia mteja kwamba diski imekufa ili anunue mpya, hali si kweli, ni upotoshaji. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawagusa wote wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Mwenye duka, zahanati au shule anayetunza taarifa za wateja, wagonjwa au wanafunzi ana wajibu wa kuzilinda, na wajibu huo haumtoki kwa sababu kompyuta iko kwa fundi.

6. Baada ya kompyuta kuwaka

Kurejesha taswira ya zamani ni kurejesha pia udhaifu wa zamani. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye mfumo uliokoma itumike kufungulia kumbukumbu za zamani tu, si kwa miamala ya benki.

Kisha jiwekee kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za data muhimu, kwenye vihifadhi vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo lako. Diski ya nje ichomolewe baada ya kunakili, kwani virusi vinavyofunga faili na kudai fidia hufunga pia diski iliyounganishwa.

Maswali ya kujipima

1. Kompyuta inaonyesha mwaka 2009 na kusema hakuna kifaa cha kuwakia. Utakagua nini kwanza? *(Betri ndogo ya bodi mama na mipangilio ya BIOS.)*
2. Una taswira ya Machi na diski iliyogoma Agosti. Kwa nini usirejeshe taswira juu ya diski hiyohiyo? *(Utafuta data zilizoandikwa baada ya Machi.)*
3. Kompyuta nyingine inakuomba uifomati diski uliyoiunganisha. Utajibu nini? *(Hapana.)*

Kazi ya wiki hii: itoe diski au flashi unayoiita nakala rudufu, iunganishe kwenye kompyuta isiyo yako, ufungue faili tatu. Zikifunguka, andika tarehe ya leo kwenye kasha lake. Zisipofunguka, umegundua mapema, kompyuta yako ikiwa bado inawaka.